Naomba ushauri: menejimenti ya chuo inataka tukubaliane mishahara bila kutuonyesha hesabu

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya majadiliano ya chama cha wafanyakazi chuo kikuu. Mkataba wetu wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi) unakaribia kuisha na vikao na menejimenti vimeshaanza. Likizo na posho tulielewana mapema. Tumekwama kwenye mishahara.

Kila tukigusa nyongeza tunaambiwa chuo hakina fedha. Tukiomba taarifa za mapato na matumizi, tunajibiwa kuwa ni siri za baraza la chuo. Sasa tunajadili nini kama hesabu anazo mmoja tu? Pendekezo Na. 163 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 1981, linataka pande zote zipate taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana. Ila pendekezo halifungi kisheria kama mkataba wa kimataifa ulioridhiwa na nchi, na menejimenti inalijua hilo vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni wahadhiri wa muda. Wanafundisha, wanasahihisha mitihani, halafu menejimenti inataka wabaki nje ya mkataba. Baadhi yetu wako tayari kuwaacha ili nyongeza ipite. Mimi nakataa, maana baadaye nafasi za kudumu zitapunguzwa na kujazwa kwa ajira hizo hizo za bei rahisi.

Mliopitia haya, tuombe msuluhishi sasa au tusubiri mpaka mkwamo utangazwe rasmi? Na kuna waliopewa hesabu baada ya kuahidi kwa maandishi kutunza siri?