Kipa uso kwa uso na straika: apige magoti, ajitandaze au aende miguuni?

Mzee_wa_Chumbageni
Wagosi, mpo? Nina dogo wa miaka 15, kipa wetu wa ndondo. Krosi anadaka, mashuti ya mbali anapangua. Akibaki na straika hatua nne tano tu, anageuza uso na kunyanyua mguu mmoja. Jumamosi kapigwa tobo mbili. Nimeona makipa wa hoki ya barafu wanadondoka magoti, miguu inafunguka kama mbawa za kipepeo, chini hakipiti kitu. Nimfundishe hiyo?

GlovuMbovu
Achana nayo, kaka. Goli la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, kipa akishuka na yale mapedi, chini pote pamezibwa. Letu ni 7.32 kwa 2.44. Akipiga magoti mstarini, straika anachagua kona kama anachagua embe sokoni. Atoke mapema, amfikie.

BintiRaskazone
Shekhe, na wale wa hoki wanatoka kwanza kupunguza pembe, ndipo wanashuka. Patrick Roy, aliyeivumisha staili hiyo miaka ya 1980, hakuwa anajificha mstarini. Sisi tunayo ya goti moja: goti linaingia ndani karibu na kisigino cha mguu wa pili, mikono chini ubavuni, kifua mbele. Tobo limekufa. Ila ni ya hatua mbili tatu. Ukiifanya mbali unachopwa juu, unabaki umepiga goti kama unachumbia.

Libero77
Mimi ni wa kujitandaza. Peter Schmeichel, yule kipa wa zamani wa Man United, alicheza mpira wa mikono utotoni, na ile nyota yake, mikono na miguu yote imetandazwa, inafanana sana na ya makipa wa huko. Martínez wa Argentina naye fainali ya Kombe la Dunia 2022 alimzuia Kolo Muani wa Ufaransa kwa mguu wa kushoto ulionyooshwa.

BintiRaskazone
Sawa, lakini straika mwenye subira anangoja upasuke msamba, anapitisha katikati. Kwa dogo wa tobo mbili? Hapana. Miguuni aende pale tu mpira ukimponyoka straika.

GlovuMbovu
Goti moja nakubali. Ila ugonjwa wake ni macho. Mpigishe goti, mrushie mipira ya tenisi kifuani kwa karibu, aizoee.

Mzee_wa_Chumbageni
Tumeanza jana jioni. Tobo hakuna tena, ila jicho la kushoto bado analifumba.