Wakuu, nisaidieni kumtambua samaki huyu wa Kigamboni. Yupo kwenye friza Dodoma, analiwa?

Mvuvi wa Nzuguni:
Habari za jioni wakuu. Naishi Dodoma, na kila nikipata likizo nashuka Dar kuvua kwa mshipi upande wa Kigamboni. Perege na kambale wa Hombolo na Mtera nawajua hata gizani, ila samaki wa maji chumvi bado najifunza.

Safari hii chambo kilikuwa ngisi. Tulipata changu wa kutosha, kolekole mmoja wa haja na chewa mdogo. Halafu akapanda huyu. Urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mgongo ni wa kijani kilichofifia na madoadoa meusi, ubavuni ana mstari mpana unaong'aa kama fedha, tumbo jeupe lenye vimiba vidogo ukilipapasa. Magamba sioni. Mdomo wake kama wa kasuku, na mishipi ilikatwa mara mbili pale pale kabla hatujafunga waya.

Nahodha alisema tumtupe. Kijana mmoja ufukweni akasema akichunwa ngozi ni mtamu sana. Nimefika naye mzima mzima kwenye barafu, hajapasuliwa. Jumapili mashemeji wanakuja na mama watoto anauliza kama amuunge nazi. Picha ni hizo tatu.

Kijana wa Hombolo:
Mdomo wa kasuku ni pono huyo mkuu. Feri wanauza kila siku. Kula.

Mpwani wa Tanga:
Kijana, hapana. Pono ana magamba makubwa unayoweza kuyahesabu. Na kabla hajatokea wa kusema kikande: kikande ana mwili bapa, ngozi ya kukwaruza, na mwiba mgumu mgongoni anaousimamisha akishikwa.

Huyu ni bunju. Kwa mstari ule wa fedha na madoa ya mgongoni, ni yule ambaye wataalamu wanamwita Lagocephalus sceleratus. Mkuu, mfunue mdomo uangalie: utakuta mabamba manne ya meno, mawili juu na mawili chini, na ufa katikati. Hayo ndiyo yaliyokata mishipi yako.

Nahodha wako alisema kweli. Msimle.

Muuguzi Makulu:
Naomba hapa tusifanye mzaha. Bunju ana sumu iitwayo tetrodotoksini. Inajaa zaidi kwenye ini na mayai, ipo pia kwenye utumbo na ngozi, na kwa aina hii hata nyama imewahi kukutwa nayo. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, nazi na ndimu ndiyo kabisa. Friza nayo haisaidii: samaki akiganda kisha akayeyuka, sumu ya ngozini na tumboni inaweza kupenya kwenye nyama.

Mtu akila, midomo na ulimi huanza kufa ganzi, mara nyingine ndani ya nusu saa. Kisha vidole, kutapika, viungo kulegea, na mwisho misuli ya kupumulia inagoma huku mgonjwa akili zake timamu, anawasikia wote. Dawa ya kuivunja sumu hiyo hakuna. Kinachookoa ni kuwahi hospitali yenye mashine ya kusaidia kupumua. Kwa hiyo yeyote akishaonja na kuhisi ganzi mdomoni, msikae kumpa maziwa mkisubiri kuona. Ondokeni naye saa hiyo hiyo.

Babu Chamwino:
Wanangu, nimeishi Mtwara miaka mingi. Nimeona watu wakila bunju na wakaamka salama.

Mpwani wa Tanga:
Shikamoo babu. Sikatai uliyoyaona. Ila bunju wana aina nyingi, na sumu hupanda na kushuka kwa msimu, tena samaki wawili wa aina moja hawalingani. Aliyeamka salama alikula samaki wake, si huyu wa Nzuguni. Mwaka 1774 nahodha James Cook na wenzake walionja ini na mayai ya samaki wa jamii hii huko New Caledonia. Walionja kidogo tu, usiku wakashikwa na ganzi na udhaifu, na nguruwe aliyekula matumbo yake akakutwa amekufa asubuhi.

Na kwa wote mnaoleta picha: pigeni akiwa bado mbichi, maana rangi hupotea kwenye barafu. Ubavu mzima, mdomo ukiwa wazi, tumbo, na rula pembeni.

Mvuvi wa Nzuguni:
Asanteni sana, na shikamoo babu. Nimemfunua mdomo: mabamba mawili juu, mawili chini. Mama watoto nimeshamwambia. Sasa, changu walikuwa boksi moja naye. Na huyu nimtupe wapi?

Muuguzi Makulu:
Kama kila mmoja alikuwa kwenye mfuko wake uliofungwa, changu kuleni. Kama walilala pamoja barafu ikayeyuka juu yao, mimi nisingewapikia watoto. Bunju usimtupe jalalani, paka na mbwa watamfukua. Chimba shimo refu, na vaa glavu.

Mvuvi wa Nzuguni:
Mifuko tofauti, dada. Nachukua jembe.