Wagiriki ni watu gani, na nchi yao ikoje?

Mama wa Kamalondo, Lubumbashi
Ndugu zangu, hapa mjini tunalifahamu kanisa la Kiorthodoksi la Wagiriki, na wazee husimulia maduka yao ya zamani, lakini binti yangu ameniuliza watu hawa ni nani nami nikakosa maelezo ya kutosha. Naomba mwenye ujuzi anisaidie.

Mwalimu wa Historia
Mama, Ugiriki iko kusini-mashariki mwa Ulaya na mji wake mkuu ni Athens. Ni nchi ya milima na maelfu ya visiwa, vingi vikiwa havina watu. Ardhi ya kulima ni haba, ndiyo maana tangu kale Wagiriki wamekuwa mabaharia na wachuuzi, na wengi wakahamia ng'ambo. Walitawaliwa na Waturuki kwa karne kadhaa hadi walipoanzisha vita vya uhuru mwaka 1821.

Baba Kampemba
Mwalimu amesema vema, ila mimi naona Pasaka yao ndiyo inayowaeleza zaidi. Usiku wa manane taa za kanisa huzimwa, padri hutokeza na mshumaa unaowaka, na waumini hupokezana moto huo mpaka uwanja mzima ung'ae. Kisha hugonganisha mayai yaliyotiwa rangi nyekundu, na ambaye yai lake halikupasuka huhesabiwa mwenye bahati mwaka huo.

Mwanafunzi wa Chuo
Mama, mweleze pia kwamba Michezo ya Olimpiki ya kisasa ilianzia Athens mwaka 1896.