Naomba ushauri: mabomba ya fibaglasi kwenye laini ya asidi

Wakuu, habari za kazi. Nabadilisha laini ya asidi ya haidrokloriki kutoka chuma kwenda fibaglasi yenye resini (gundi inayogandisha nyuzi) ya vinili esta, nyuzi zimezungushwa kwa pembe ya digrii 55. Mimi ni mtu wa chuma, sifichi.

Kinachoniumiza kichwa ni joto. Bomba hili hurefuka kuliko chuma na hupinda upesi, kwa hiyo vishikilio vitakaribiana. Mwenzangu anang'ang'ania viungo vya kutanukia, yaani vipande vinavyobonyea bomba likirefuka. Mimi naona kona za bomba lenyewe zingetosha kumeza urefu huo, maana fibaglasi hunyumbulika na msukumo wake ni mdogo. Nani yuko sahihi?

Halafu flanji (visahani vya kuunganishia mabomba kwa bolti): gasketi ya mpira ya uso mzima, ya kuziba kati yake, tunayo, ila bolti mnazikazaje bila kupasua flanji?