Skwati 300 kwa siku, nachoma kalori ngapi hasa?

Nyota_ya_Uani: Wakuu, za jioni. Nina kilo 78, napiga skwati 300 kila siku, mia mia mara tatu, kama dakika 15 zote. Programu moja ya simu inasema nimechoma kalori 540, nyingine 96. Nishike ipi? Ndiyo napangia chakula.

FundiSaa: Chukua MET (kipimo cha ukali wa zoezi ukilinganisha na kukaa tu) mara 3.5 mara kilo zako, gawanya kwa 200, unapata kalori za dakika moja. Skwati hukadiriwa MET 5. Kwako ni kama 6.8, kwa dakika 15 inakuja 102. Dakika za kuhema usizihesabu. Hiyo ya 540 ifute.

Mchele_Mbeya: Yaani chapati moja inameza jasho lote! Sisi kambini tulichuchumaa mpaka ngazi tukawa tunashuka kinyumenyume, na kitambi nilirudi nacho.

Nyota_ya_Uani: 102 tu? Basi naongeza ziwe 500.

Bi_Kirembo: Mwanangu, chakula unakipangaje? Na haraka ya nini?

Nyota_ya_Uani: Nakula mchana tu. Harusi ya wifi yangu tarehe 28, fundi ameshakata kitambaa kwa vipimo vya zamani.

Bi_Kirembo: Vya zamani, kabla ya nini?

Nyota_ya_Uani: Kabla ya mtoto. Nilijifungua kwa upasuaji, hii wiki ya tano. Ila kidonda kimekauka, kinavuta tu nikiinuka. Msinitishe.

Bi_Kirembo: Kinavuta, nawe unapiga 300? Acha leo hii, urudi kliniki wakukague. Kunyonyesha kwenyewe kunakula kalori karibu 500 kwa siku, halafu wewe mlo mmoja! Fundi aongeze kitambaa ubavuni.

Nyota_ya_Uani: Ni sare mama, kitambaa kimeisha dukani. Na hela ya fundi nimeshalipa.

Mzee_wa_Busara: Harusi yenyewe si yako, unashindana na nani? Dada zetu mmezidi.

Kiroboto: Hii chai, tena ya tangawizi. Februari akaunti hii hii iliandika "wakuu, mimi kijana niliyeoa juzi, natafuta injini ya bodaboda". Leo umejifungua?

Mchele_Mbeya: 😂😂 Skwati zinafanya kazi kumbe.

Nyota_ya_Uani: Simu ni ya mume wangu jamani.

FundiSaa: Injini alipata? Ninayo moja, cc 125.

Nyota_ya_Uani: Hajapata. Bei gani?