Kupiga picha sarafu, gololi na vigari vidogo nyumbani: taa ya kujitengenezea ipangwe vipi?

Kabati_la_Gololi:

Wakuu, naomba msaada kwa wanaojua kupiga picha vitu vidogo. Naandaa orodha ya mkusanyiko wangu na nataka kila kipande kiwe na picha yake: sarafu za kipenyo cha milimita 18 hadi 38, vigari vya kuchezea vya kipimo cha 1:64 (gari halisi limepunguzwa mara 64), gololi za kioo, na stempu kidogo. Nina simu inayoruhusu kurekebisha mipangilio mwenyewe, stendi ndogo ya miguu mitatu, taa moja ya mezani ya LED na maboksi matupu ya kadibodi.

Yanayonisumbua ni haya. Sarafu inatoka na doa jeupe upande mmoja na giza upande wa pili, maandishi hayasomeki. Karatasi nyeupe niliyotandika chini inakuwa ya kijivu, mara nyingine ya njano. Kigari kinatoka na pua kubwa na mkia mdogo, na nyuma kuna ukungu. Gololi ndiyo kabisa, inaonyesha dirisha la chumba, simu na vidole vyangu. Flashi ya simu inazidisha yote hayo. Nifanye nini bila kununua vifaa vya studio?

FundiMwanga:

Flashi izime na usiiwashe tena kwa kazi hii. Simu yako haina kosa, mkuu, tatizo ni udogo wa taa. Jua likiwa wazi, kivuli kinakuwa na ukingo mkali kama kilichokatwa kwa wembe. Wingu likitanda, anga lote linageuka taa na kivuli kinafifia. Mezani ni vivyo hivyo. Balbu peke yake ni kitone, kwa hiyo inaacha doa kwenye chuma na kivuli cheusi upande wa pili. Weka pazia jeupe kati yake na kitu, na sasa taa yako ni lile pazia zima. Likiwa kubwa na likiwa karibu na kitu, mwanga unalainika.

Chukua boksi lenye pande za sentimita 40 hivi, lilaze mdomo ukikutazama. Kata dirisha kwenye ubavu wa kushoto, wa kulia na wa juu, ukiacha fremu ya sentimita 4 kila upande ili boksi lisilegee. Ziba madirisha kwa karatasi nyembamba ya kunakilia michoro, au karatasi nyeupe ya kuokea, au kitambaa cheupe cha pamba kisicho na maua. Karatasi ya kuokea ya rangi ya kaki usiitumie, itapaka kila kitu njano. Kadibodi ya kahawia iliyobaki wazi ndani ya boksi ifunike kwa karatasi nyeupe pia. Watu wengi wanaipuuza hatua hii, kisha wanahangaika na rangi kwenye programu wakati kuta za boksi ndizo zinazorudisha mwanga wa kahawia.

Kwa mandhari ya nyuma tumia karatasi ya ukubwa wa A2, uzito wa gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Upana wake ni sentimita 42, kwa hiyo punguza sentimita 3 iingie vizuri. Bandika ukingo wa juu kwenye ukuta wa nyuma, kisha iache ishuke na kujipinda yenyewe hadi sakafuni. Usiikunje! Mkunjo mmoja tu unaonekana kama mstari wa kijivu nyuma ya kila kitu. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 inafanya mawimbi, na kila wimbi lina kivuli chake.

Taa weka mbili, nje ya madirisha ya pembeni, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye pazia. Ukizigandisha kwenye pazia utarudi kulekule, kitone cheupe katikati na kingo zenye giza. Ukizisogeza mbali mara mbili, mwanga unaofika unabaki kama robo. Balbu ziwe za LED, aina moja zote mbili, 5000K hadi 5500K (K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), na kwenye pakiti tafuta CRI ya 90 au zaidi, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. CRI ikiwa ndogo, nyekundu ya rangi ya gari na shaba ya sarafu zinapauka, na hakuna marekebisho yanayozirudisha sawasawa. Balbu za zamani zenye waya unaowaka, na zile za halojeni, zisikaribie karatasi wala kitambaa kabisa. Zina joto la kuwasha moto.

Halafu zima taa ya dari na ufunge pazia la dirisha la chumba. Njano yako kwa kiasi kikubwa inatoka hapo: taa ya chumba ina rangi yake, taa ya mezani ina yake, na simu haiwezi kusawazisha mbili kwa wakati mmoja. Ukishabaki na aina moja ya mwanga, weka karatasi nyeupe mahali pa kitu na urekebishe kwa mkono mizani ya nyeupe, yaani mpangilio unaoiambia simu nyeupe ni ipi, kisha usiiguse tena hadi umalize kundi zima.

Ule ukijivu ni suala jingine. Kamera inadhani kila kitu duniani kina wastani wa kijivu, ikiona karatasi nyeupe inapunguza mwanga. Ongeza mwangaza kwa +1 hadi +1.7 kwenye kipimo cha fidia ya mwangaza (kile chenye alama ya + na -). Nyeupe ikianza kula kingo za kitu, rudi nyuma kidogo.

Sarafu_na_Stempu:

Nakubaliana na FundiMwanga kuhusu boksi, ila kwa sarafu naomba nimpinge kidogo. Boksi linamulika kutoka kila upande kwa usawa, na sarafu inasomeka kwa sababu ya vivuli vidogo pembeni ya michoro. Ukiviua vivuli vyote, sarafu inakuwa bamba la kijivu lisilo na uhai na mng'aro wa chuma unapotea. Kwa gari na sanamu ndogo boksi ni sawa kabisa. Sarafu itoe nje.

Laza sarafu juu ya kizibo cha chupa, kidogo kuliko sarafu yenyewe ili kisionekane, juu ya karatasi ya rangi moja. Ule uwazi unafanya kivuli cha ukingo kianguke chini nje ya fokasi (pale kamera inapoonyesha kitu wazi), na baadaye kukata mandhari ni rahisi. Simu iwe juu, sambamba kabisa na sarafu. Kuhakikisha, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu: tundu la lenzi likionekana katikati ya picha, umenyooka.

Taa mbili ziweke kama namba 10 na namba 2 kwenye uso wa saa ya ukutani, 12 ikiwa juu ya kichwa cha mtu aliyechorwa kwenye sarafu. Kwa sarafu mpya inayong'aa, inua taa hadi ziwe karibu na lenzi, kama nyuzi 60 hadi 70 kutoka mezani. Kwa iliyosagika, tumia taa moja tu na uishushe hadi nyuzi 15 au 20. Mwanga unaopita kwa chini huokota mwaka na herufi ambazo jicho lilishakata tamaa nazo. Usibadilishe kimo cha taa kwa kukisia. Tazama kwenye skrini huku ukiizungusha sarafu kidogokidogo. Kuna mahali ambapo uso unafunguka wote, ukipita nyuzi tano tu unafunga.

Kama sarafu ina uso laini kama kioo, na namba 10 na 2 zinashindwa, tumia mbinu ya kioo cha nyuzi 45. Chukua kioo angavu cha fremu ya picha, kile unachoona upande wa pili, sentimita 10 kwa 15, funga kingo kwa selotepu zisikukate. Kisimamishe juu ya sarafu kwa nyuzi 45, ukingo wake wa juu ukielekea upande wa taa. Taa imulike kwa ulalo kutoka ubavuni: inagonga uso wa chini wa kioo, sehemu ndogo ya mwanga inashuka wima kwenye sarafu, na simu inapiga kutoka juu kupitia kioo hichohicho. Hapo mwanga unatoka palepale jicho la kamera lilipo. Sehemu bapa zinang'aa, na kingo za michoro zinatoka nyeusi.

Inakwama kwa sababu mbili. Ya kwanza, taa inapita chini ya kioo na kuifikia sarafu moja kwa moja. Simamisha kipande cha kadibodi nyeusi kati yao, kifupi kiasi cha kutozuia mwanga wa kwenye kioo. Ya pili, picha inafunikwa na utando mweupe, kwa sababu uso wa juu wa kioo unaakisi ukuta ulio upande wa pili wa taa. Tundika kitambaa cheusi hapo. Mwanga mwingi unapotea kwenye njia hii, hivyo stendi ni lazima, na piga kwa kipima muda cha sekunde 2 au 3, kidole kisitikise simu.

Sarafu ishikwe kwenye ukingo, na vumbi liondolewe kwa kupuliza kwa kipulizio cha mpira. Tafadhali usiisugue ili ing'ae kwa ajili ya picha. Mikwaruzo ile haifutiki, na thamani ya sarafu inashuka.

Kabati_la_Gololi:

Asanteni sana wakuu. Boksi limesimama na nyeupe sasa ni nyeupe. Sarafu zilizosagika kwa taa ya nyuzi 15 zimetoka, mwaka unasomeka. Yamebaki mawili: picha nyingine zina mistari ya giza ya kulala, kama vivuli vya ngazi, na nyingine hazina. Na gololi bado ni kioo cha chumba kizima, hata ndani ya boksi. Na lile la pua ya gari halijajibiwa.

Kivuli45:

Mistari inatoka kwenye balbu. Umeme wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) unafanya LED isiyo na kidhibiti kizuri iwake na kufifia mara 100 kwa sekunde, na simu inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo baadhi ya mistari inasomwa wakati taa imefifia. Weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) sekunde 1/50 au 1/100, au polepole zaidi kama 1/25 kwa kuwa kitu hakitembei, na ushushe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 50 au 100. Kwenye umeme wa 60 Hz tumia 1/60 au 1/120. Kama mistari inabaki hata hapo, hasa kwenye taa yenye kitufe cha kupunguza mwanga, iwashe kwa nguvu yote. Taa nyingi za aina hiyo hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha harakaharaka. Ikigoma, badilisha balbu.

Pua ya gari inakuwa kubwa kwa sababu umelikaribia mno. Simu ikiwa sentimita 5 kutoka kwenye pua, mkia wa gari la sentimita 7 uko mbali zaidi ya mara mbili, na lenzi inaonyesha hivyohivyo. Rudi nyuma sentimita 25 hadi 30, tumia lenzi kuu au ya kuvuta mara 2, kisha kata picha. Zima ile hali ya picha za karibu sana inayorukia lenzi pana yenyewe. Kurudi nyuma kunapunguza na ukungu wa mkiani. Mwenye kamera ya lenzi ya kubadilisha afunge tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Akipita f/16 picha nzima inaanza kulainika. Kama bado haitoshi, piga picha 5 hadi 8 bila kugusa stendi, ukisogeza fokasi kutoka taa za mbele hadi za nyuma, na uziunganishe kwa programu. Shusha lenzi hadi usawa wa madirisha ya gari. Ukilipiga kutoka juu linabaki kuonekana dogo.

Rangi ya gari inayong'aa inaakisi boksi zima jeupe, ndiyo maana mabega yake yanapotea kwenye mandhari. Weka kipande cha kadibodi nyeusi, upana wa sentimita 3, kila upande, nje kidogo tu ya picha. Utaona mstari mweusi mwembamba ukikimbia kwenye mlango na kuchora umbo lake. Visogeze mbele na nyuma hadi mstari ukae pale bati linapopinda.

Sasa gololi. Mpira wa kioo unaakisi karibu kila kilicho mbele yake, hivyo huwezi kuutafutia pembe, lazima upunguze vinavyoweza kuakisiwa. Zima taa za pembeni. Mulika kutoka nyuma: pazia jeupe sentimita 15 nyuma ya gololi, taa nyuma ya pazia. Mbele kuwe na giza, simu ichungulie kupitia tundu la kadibodi nyeusi lenye ukubwa wa lenzi tu. Mwanga unapita ndani ya kioo, na ule msokoto wa rangi ulio ndani unawaka. Kingo zikipotea kwenye weupe, bana pazia kwa kadibodi nyeusi kushoto na kulia hadi weupe uliobaki uzidi kidogo tu eneo la picha. Gololi itazungukwa na ukingo mweusi mwembamba. Gololi isiyopitisha mwanga usiipige hivi, itakuwa duara jeusi. Hiyo irudishe kwenye boksi na umulike kupitia dirisha la juu peke yake, upate doa moja safi juu. Isibiringike? Ikalishe kwenye pete ndogo ya plastiki angavu.

Sarafu_na_Stempu:

Niongezee stempu, kwa kifupi. Zisipigwe ndani ya boksi. Taa mbili, kushoto na kulia, nyuzi 30 hadi 45 kutoka mezani, umbali sawa, simu juu sambamba. Kupima usawa wa taa, simamisha penseli katikati: vivuli viwili vikilingana kwa weusi na urefu, zimekaa sawa. Tandika karatasi nyeusi chini ili meno ya stempu yahesabike. Ukitaka kuonyesha mkunjo au sehemu iliyochubuka, zima taa moja na ushushe nyingine.

Wanaosimamisha sarafu au beji kwa ile gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, waachane nayo kwenye stempu na kwenye sarafu za shaba. Inaacha mafuta kwenye karatasi, na kwenye shaba inaweza kuacha doa. Kwa kigari kinachoteleza inafaa, punje ndogo kama ya mtama chini ya tairi la upande usioonekana.