Nichoreje ubomoaji wa nyumba bila kuwadhalilisha waliobomolewa?

Brashi ya Kayole anauliza:

Salamu wanajukwaa. Mimi ni mchoraji, kazi zangu nazifanyia Kayole, na nimeanza kuandaa mfululizo wa picha za rangi kuhusu ubomoaji wa makazi hapa Nairobi: Mukuru kwa Njenga mwaka 2021, ambako maelfu ya wakazi waliachwa nje penye vifusi vya nyumba zao, na Mathare mwezi Mei 2024, ambako watu waliokuwa wamekwisha kupoteza vyombo kwa mafuriko waliletewa tingatinga. Kazi ya mkono hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba kila rasimu inaishia kuwa ile picha tuliyoizoea, ya mama aliyeketi juu ya godoro na mtoto anayelia kando yake, na mtazamaji akishaiona humwonea mama huyo huruma kisha akaenda zake bila kujiuliza ni nani aliyetoa amri. Mwenye jumba moja la maonyesho aliniambia kwamba picha za huzuni hazinunuliwi, labda huzuni hiyo iwe na macho makubwa na rangi za kuchangamka.

Naomba msaada wenu kwa mawili. Picha ya aina hii ibebeje shutuma pasipo kuwafanya waliodhulumiwa kuwa watu wa kuhurumiwa tu? Na je, ipo njia ya kuifikisha kwa watu wengine zaidi ya wanunuzi wa Westlands na Karen, mitaa ya wenye nazo?

Mwalimu wa Sanaa:

Ndugu mchoraji, swali lako la kwanza wamelikabili wengi kabla yako, na inafaa uangalie walivyolitatua. Kati ya mwaka 1940 na 1941, Jacob Lawrence, kijana Mmarekani mweusi, alichora picha 60 kuhusu Wamarekani weusi waliohama majimbo ya kusini kwenda miji ya kaskazini. Moja ya sababu za kuhama ilikuwa mauaji yaliyofanywa na makundi ya wazungu waliojichukulia sheria mkononi, nayo picha ya 15 inazungumzia jambo hilo, lakini humo hamna maiti. Kuna tawi tupu, kitanzi kinachoning'inia, na mtu mmoja aliyejikunyata ambaye uso wake hauonekani. Goya, katika picha yake ya mwaka 1814 kuhusu raia wa Madrid waliopigwa risasi na askari wa Ufaransa mwezi Mei 1808, aliwapa wanaouawa nyuso na mwanga wote wa taa, na askari akawachora kwa mgongo, wamepanga bunduki kwa mstari mmoja. Hapa kwetu, Elimo Njau alipochora kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau, alimweka Kristo Mwafrika katika mandhari ileile ambayo waumini waliiona wakitoka nje.

Ukitaka mtazamaji aulize nani aliyetoa amri, basi ichore amri yenyewe, kwa kuwa nayo huacha alama. Kabla ya tingatinga kufika, huja mtu na mkebe wa rangi nyekundu akachora X kwenye ukuta, kwenye mlango, hata kwenye bati la choo. Itazame X hiyo kwa makini. Aliyeichora ana haraka: mstari wa kwanza ni mzito, wa pili umeishiwa rangi katikati, na michirizi imeteremka hadi kizingitini ikapita juu ya nambari ya nyumba. (Huyo naye ni mchoraji, na kazi yake husomwa na wengi kuliko yangu na yako.) Mimi ningeanza naye: mkono wake, mkebe wake, viatu vyake vya kazi, na nyuma yake mlango uliofungwa ambao ndani yake bado kunapikwa chai.

La kiufundi: Lawrence alitayarisha mbao zake zote kwa pamoja, akapaka rangi moja katika picha zote zinazoihitaji kabla hajaingia kwenye rangi nyingine, na kwa njia hiyo picha 60 zikawa na sauti moja. Kila picha aliipa pia sentensi fupi ya maelezo. Kwa mfululizo wako njia hiyo inafaa, tena inaokoa rangi.

Fundi wa Mabango:

Nitachangia kuhusu mahali pa kuchorea, maana huko ndiko ninakokula jasho langu. Usikimbilie turubai ya dukani. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda, na matundu na mishono ya kitambaa hicho huonekana wazi katikati ya picha, zikiwemo zile alizochora kutokana na kampeni za uchaguzi wa mwaka 2017. Wewe una mabati. Bati lililohamishwa kutoka kibanda hadi kibanda lina matundu ya misumari yasiyolingana na mbao za sasa, mengine yamezibwa kwa lami, na upande mmoja una rangi ya mlango wa zamani. Hiyo ni historia ya ubomoaji ambayo huhitaji kuibuni.

Tahadhari ni kwamba bati jipya la kung'aa huambua rangi ya mafuta, kwa hiyo chagua lililopigwa na jua na mvua miaka kadhaa, ulisugue kwa msasa, ulioshe kwa sabuni, ulikaushe, kisha upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya lolote. Ukitumia amerikani badala yake, usipake rangi ya mafuta juu ya kitambaa kitupu, kwa sababu mafuta yatakila kitambaa na baada ya miaka kitachanika. Kipake kwanza rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, mara mbili, ukisugua kidogo katikati.

Mama wa Mabatini:

Mwanangu, nimesoma maneno ya mwalimu na ninayaheshimu, ila sikubaliani naye katika jambo moja. Mkiondoa nyuso zetu mkabakiza milango na X, mtakuwa mmetubomolea mara ya pili. Shida ya ile picha ya mama na godoro ni kwamba mama huyo hana la kufanya. Nilikuwepo Mathare Mei ile ya 2024. Kulia tulilia, lakini kwa muda mfupi, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Kuna waliopanda juu ya paa kung'oa mabati kabla hayajakunjwa, kuna walioandika majina ya wenyewe kwa makaa juu ya kila bati ili lisipotee, kuna aliyesimama na simu akirekodi nambari ya usajili ya tingatinga, na kuna bibi mmoja aliyegawa uji bila kuuliza nani amelipa. Chora mikono hiyo ikiwa kazini, na nyuso zake. Huruma haitapata mahali pa kukaa.

Tena, kabla ya kumchora mtu umwombe ruhusa, naye aione picha kabla haijatoka nje. Wapo kati yetu ambao jamaa zao wa nyumbani hawajui kwamba walibomolewa, na hawataki wajue kupitia maonyesho. Na ikiuzwa, mzungumze mapema kuhusu fungu lake. Tumepigwa picha sana na watu ambao hatukuwaona tena.

Mkongo wa Kasarani:

Ndugu zangu, kuhusu swali la pili nina mfano wa kwetu. Huko Katanga, katika miaka ya 1970, kulikuwa na mchoraji wa Lubumbashi aliyeitwa Tshibumba Kanda Matulu, ambaye alichora zaidi ya picha 100 za historia ya nchi yetu, akitumia magunia ya unga mahali pa turubai. Alimchora Lumumba akiwa amekamatwa, akachora pia ile picha ambayo wachoraji wengi wa huko waliirudia: mfungwa amelazwa chini anachapwa viboko, na ofisa wa kikoloni amesimama anatazama. Picha za aina hiyo zilinunuliwa na watu wa kawaida wa mjini, ambao walizitundika sebuleni kama ukumbusho, juu ya makochi, mahali ambapo mgeni lazima azione. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba picha za huzuni hazinunuliwi anawafahamu wateja wake tu.

Siri ilikuwa bei na kurudia. Picha iliyopendwa ilichorwa tena na tena kwa mkono, kwa ukubwa unaoenea kwenye ukuta wa nyumba ndogo. Chora moja kubwa juu ya bati kwa ajili ya maonyesho, kisha nyingine ndogo juu ya plaiwudi kwa saluni, vinyozi na vibanda vya chakula huko huko Mathare na Mukuru.

Brashi ya Kayole:

Nawashukuru nyote. Mama, ushauri wako kuhusu majina yaliyoandikwa kwa makaa umenipa picha ya kwanza, na ninaomba, kama hutajali, unikutanishe na wenyewe ili niwaombe ruhusa hiyo uso kwa uso. Onyesho la kwanza nitaliomba lifanyike katika ukumbi wa jamii wa mtaani kabla sijabisha mlango wa jumba lolote la sanaa. Limebaki moja: ninataka kuchora ilani ya ubomoaji yenyewe, kubwa, pamoja na jina la ofisi iliyoitoa. Je, nitajitia matatani?

Mwalimu wa Sanaa:

Kwanza, Mama wa Mabatini amenisahihisha vyema kuhusu nyuso.

Ama kuhusu ilani, Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Uhuru huo haujumuishi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na kifungu hichohicho kinamtaka kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine. Ilani iliyobandikwa hadharani ukiinakili neno kwa neno, pamoja na tarehe yake na jina la ofisi, unaonyesha kilichokuwapo. Hatari huanza pale unapoongeza tuhuma usiyoweza kuithibitisha, au jina la karani aliyetumwa tu kubandika. Piga picha ya ilani ya asili uihifadhi, umwonyeshe wakili kabla ya maonyesho, na makosa ya tahajia yaliyomo uyaache vilevile.